Mkataba Ukiisha, Mpangaji Hageuki Kuwa Mgeni

Jumapili ya tarehe 11 Juni 2023 nilitoka kanisani na mwanangu, na tulipofika getini keateka, yaani mtunzaji, wa fleti yetu akanikabidhi bahasha ya kaki huku akitazama chini. Alikuwa mzee mpole ambaye kwa miaka miwili alikuwa amenibebea mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tatu bila kuombwa, na nilipoona hawezi kuniangalia usoni nikajua kwamba kilichomo si bili ya maji. Barua ilikuwa na sentensi nne. Ya kwanza ilinikumbusha kwamba mkataba wangu wa upangaji ulikuwa wa miaka miwili, kuanzia tarehe 1 Machi 2021 hadi tarehe 28 Februari 2023. Ya pili ilisema kwamba tangu siku hiyo nimekuwa nikiishi pale bila mkataba wowote. Ya tatu ilinitaka niwe nimehama ifikapo tarehe 30 Juni, na ya nne ilieleza mahali pa kuacha funguo.

Jioni ile nilimpigia simu mama mwenye nyumba. Hatukuwa tumewahi kukosana, na alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi. "Mwalimu, mimi nakuheshimu," akasema, "lakini mkataba uliisha Februari. Tangu hapo wewe ni mgeni wangu tu, na mgeni akiambiwa nyumba ina shughuli, huaga." Shughuli yenyewe ilikuwa kwamba mwanawe alitaka kuitia nyumba samani na kuikodisha kwa usiku kwa wapita njia, kama inavyofanyika sana Kilimani na kama inavyoanza kufanyika kwetu South B.

Neno lile "mgeni" halikunitoka kichwani usiku kucha. Machi, Aprili, Mei na Juni nilikuwa nimelipa kodi, ambayo kwa kawaida ilikuwa Sh28,000, kwa M-Pesa kabla ya tarehe 5, na kila mara nilirudishiwa ujumbe mfupi wa shukrani kutoka kwa simu ileile iliyokuwa ikiniita mgeni. Nilikuwa nimebadilisha bomba la sinki kwa pesa zangu mwezi Aprili na yeye akakubali tuzikate kwenye kodi ya Mei. Mambo hayo hayafanyiki kati ya mwenyeji na mgeni. Hata hivyo, sikujua niseme nini, kwa sababu niliamini, kama wapangaji wengi wa Nairobi wanavyoamini hadi leo, kwamba tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba ni kama mlango: ukishafungwa, uliye ndani huna chako.

Dada mmoja tunayesali naye, ambaye amekuwa karani katika ofisi ya wakili kwa miaka mingi, ndiye aliyeniambia nisijibu barua ile kabla ya kusoma sheria mwenyewe. Nilimwuliza ningeisomea wapi, naye akanionyesha kwamba sheria zote za Kenya zimewekwa wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua bila malipo. Nilizifungua. Nasema hili kwa uchungu wa mtu anayefundisha Kiswahili darasani kila siku: Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sheria inayoamua kama mama wa mtaa wa Pipeline atalala ndani au nje imeandikwa kwa Kiingereza kizito ambacho hata mimi nilikisoma mara nne. Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa maneno yangu, kama nilivyoyaelewa na kama nilivyoyatumia. Mimi si wakili, na mwenye kesi kubwa amtafute wakili.

Kifungu kilichonifumbua macho ni cha 57 katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kinasema kwamba mpangaji akibaki ndani kwa ridhaa ya mwenye nyumba baada ya muda wa mkataba kwisha, na wawili hao wasiwe wamekubaliana juu ya muda mwingine, upangaji haufi bali unageuka kuwa wa vipindi, na yale masharti ya mkataba wa zamani yanayoweza kuendana na hali hiyo mpya yanaendelea kuwabana wote wawili. Kwa mtu anayelipa kodi kila mwezi, kipindi hicho ni mwezi. Hatuhitaji kuandikishiana upya ndipo niwe mpangaji. Mwenendo wetu umeshaandika.

Mwenye nyumba mjanja atasema kwamba hakuridhia, alinyamaza tu. Kifungu cha 60 kimelifikiria hilo, na kimelifikiria kwa haki kwa pande zote mbili, ndiyo maana nakiheshimu. Kinaanza na mpangaji anayebaki bila ridhaa: huyo majukumu yake yote chini ya mkataba yanaendelea hadi siku atakapotoka, yaani kodi inazidi kuhesabiwa, nyumba anapaswa kuitunza, na hawezi kusema kwamba kwa kuwa mkataba umekwisha basi hadaiwi. Kisha kinamgeukia mwenye nyumba: kupokea kodi baada ya mkataba kwisha, kwa kupokea tu, hakumaanishi kwamba ameridhia mpangaji abaki. Hilo ni la busara, maana mtu anaweza kupokea pesa ya mwezi mmoja wakati bado mnazungumza. Lakini akiendelea kupokea kwa miezi miwili huku mpangaji angali ndani, sheria inahesabu kwamba upangaji wa mwezi hadi mwezi umeshaanza. Mimi nilikuwa nimelipa miezi minne. Ushahidi wangu wote ulikuwa kwenye simu, katika jumbe za M-Pesa ambazo nusura nizifute mwezi Mei ili nipate nafasi ya picha za mwanangu.

Likabaki swali la notisi, na hapo ndipo pana hesabu ambayo naomba kila mpangaji aifanye kwa kalamu. Sheria inasema kwamba upangaji wa vipindi unaweza kukatishwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua urefu wa kipindi chenyewe, na notisi hiyo iishie katika mojawapo ya siku ambazo kodi hulipwa. Kodi yangu kwa mkataba ilikuwa inadaiwa tarehe 1 ya kila mwezi, ile tarehe 5 ikiwa ni uvumilivu tu. Nilipewa barua tarehe 11 Juni. Mwezi mzima kutoka hapo unafika tarehe 11 Julai, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo, hata kama barua ile ingekuwa notisi nzuri kwa mengine yote, isingeweza kunitoa tarehe 30 Juni. Ilikuwa imepungua kwa siku 32. Kwa mtu mwenye nyumba mbili tofauti hizo ni siku chache. Kwangu zilikuwa ni tofauti kati ya mtoto kumaliza muhula wake wa pili akiwa na daftari zake na mtoto kumaliza muhula akilala kwa jamaa Kayole na kupanda matatu mbili kila asubuhi.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja, kwa adabu, nikataja vifungu viwili vile, nikaambatisha nakala za malipo ya miezi minne, nikamwomba mama mwenye nyumba aipokee kama jibu na si kama ugomvi. Alikaa kimya siku sita. Siku ya saba mwanawe alinipigia simu akasema wamezungumza na wakili wao na kwamba tarehe 1 Agosti itakuwa sawa. Hakuomba radhi na sikuhitaji aombe.

Nataka nilitazame vizuri nililolipata, kwa sababu nimesikia wapangaji wakielezana mambo ambayo sheria haisemi. Sikupata haki ya kubaki. Nilipata mwezi mmoja na ushee. Sheria ya Ardhi haimlazimishi mwenye nyumba wa nyumba ya kuishi kueleza kwa nini anataka uondoke, na wala haimlazimishi kukuongezea mkataba hata kama umelipa bila kuchelewa kwa miaka kumi, hujawahi kupiga kelele, na jirani zako wote wanakusifu. Na kama hakupokea kodi yako baada ya tarehe ya mwisho, akakuandikia mapema kwamba hataongeza muda, basi siku ya mwisho ni ya mwisho kweli, na unachobaki nacho ni haki ya kutotolewa kwa mabavu. Hii ndiyo hali ya wapangaji walio wengi katika mji ambao karibu kila mtu ni mpangaji. Nilikuwa sijaiona kuwa ni dhuluma hadi yalipomkuta shangazi yangu.

Shangazi ana duka la kushona nguo Umoja. Ni chumba kimoja chenye vyerehani vitatu, meza ya kukatia na kioo kirefu, na amekuwa hapo kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitatu. Mapema mwaka 2024 mkataba ule uliisha, na mwenye jengo akampelekea barua inayofanana sana na yangu: muda wako umekwisha, una wiki mbili, nina mpangaji mwingine. Shangazi alinipigia simu akilia, nami nikamwambia kwa ujuzi wangu mpya kwamba atapata mwezi mmoja, pengine na siku kadhaa. Nilikuwa nimekosea kabisa. Yule dada karani aliposikia habari hiyo alicheka kwa furaha, akasema, "Mwambie shangazi akaushe machozi. Duka lina sheria yake."

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1965, inayojulikana kwa namba yake kuwa Sura ya 301, na inahusu maduka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula. Neno "duka" humo lina tumbo pana: linaingiza mahali popote panapotumika hasa kwa biashara ya rejareja au ya jumla, au kwa kutoa huduma kwa malipo, kwa hiyo fundi cherehani, kinyozi na msusi wote wamo. Inasema kwamba upangaji wa aina hiyo ukiwa haukuandikwa, au umeandikwa lakini kwa muda usiozidi miaka mitano, au una kifungu kinachoruhusu kuukatisha ndani ya miaka mitano kwa sababu nyingine isiyokuwa kuvunja masharti, basi ni upangaji unaolindwa. Na upangaji unaolindwa hauishi kwa sababu tu kalenda imefika.

Ili kumtoa shangazi, mwenye jengo alipaswa kumpa notisi katika fomu maalumu iliyowekwa na sheria, notisi isiyoanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu alipoipokea, nayo itaje sababu. Na si sababu yoyote tu. Sheria imezipanga: kwamba mpangaji amelimbikiza kodi ya miezi miwili au ana mazoea ya kuchelewa kulipa, kwamba amevunja masharti kwa kiasi kikubwa, kwamba jengo litabomolewa au kujengwa upya kwa namna isiyowezekana akiwa ndani, kwamba mwenyewe anataka kulitumia kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na nyingine chache za aina hiyo. "Nina mpangaji mwingine" haimo. Barua ya wiki mbili ilikuwa karatasi tu.

Mwenye jengo alipopata ushauri alileta notisi ya fomu, akidai safari hii kwamba anataka chumba kwa matumizi yake. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi huanguka, na nitakawia kidogo. Anayepokea notisi hiyo anapaswa kumjulisha mwenye jengo kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja, kwamba hakubaliani nayo, kisha afungue shauri mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya ile tarehe ya notisi kufika. Akifanya hivyo, notisi inasimama hadi Baraza liamue. Asipofanya, akikaa dukani akisubiri kuona watamfanya nini, notisi inapata nguvu siku hiyohiyo, na haki aliyokuwa nayo mkononi inakuwa imepita. Shangazi aliandika barua yake siku ya tisa na kufungua shauri wiki ya nne. Mbele ya Baraza mwenye jengo aliulizwa angetumia chumba kile kwa kazi gani, na jibu lake lilibadilika mara mbili. Hadi ninapoandika haya shangazi bado anashona Umoja, kwa kodi ileile, na sare za shule za mtaa mzima bado zinapita mikononi mwake.

Nilifurahi kwa ajili yake, na usiku nikakasirika. Vyerehani vitatu vya shangazi vilikuwa na ulinzi ambao kitanda cha mwanangu hakikuwa nao. Mwenye duka akifika mwisho wa mkataba anaulizwa: una kosa gani? Mwenye familia akifika mwisho wa mkataba haulizwi kitu. Siombi duka lipunguziwe ulinzi, kwa maana najua duka la shangazi linalisha watu saba. Nauliza ni kwa nini mahali mtu anapolala, anapougua na kulea watoto pawe na uzito mdogo kuliko mahali anapouzia nguo.

Wenye majengo wanaijua tofauti hii vizuri kuliko wapangaji. Ndiyo maana ukienda kukodi duka katikati ya jiji utaletewa mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Wengi hudhani miezi ile mitatu ni ukarimu, muda wa kupaka rangi na kuweka rafu kabla ya biashara kuchanganya. Miezi ile ndiyo inayouvusha mkataba mpaka wa miaka mitano na kuutoa kwenye ulinzi wa Sura ya 301. Kabla ya kutia sahihi, uliza.

Mtu anayejua historia ataniambia kwamba nyumba za kuishi nazo zina sheria yake, na ni kweli. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ya mwaka 1959, inamlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi karibu kama shangazi anavyolindwa: mwenye nyumba hawezi kumtoa, hata baada ya muda kwisha, bila amri na bila sababu iliyotajwa na sheria, na kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame ni kosa. Lakini sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake halali haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho siku hizi utakipata kwa chumba cha mabati Mathare au Mukuru, na hata huko kwa kutafuta. Mpangaji wa chumba kimoja cha mawe Zimmerman ameshatoka nje ya ulinzi, na mwalimu wa South B yuko mbali zaidi. Ukuta ulijengwa, mji ukakua nje yake, na hakuna aliyeusogeza. Muswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa mwaka 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria hizi, pamoja na ile ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, ziwe sheria moja. Niliusoma kwa matumaini makubwa, na nikiandika haya naendelea kuishi chini ya sheria zilezile za zamani.

Kwa wakaazi wa Mathare na Mukuru nasema hili kwa msisitizo, kwa sababu ndio wanaofanyiwa mabaya zaidi na ndio ambao sheria imewataja: ikiwa kodi yako ni Sh2,500 au chini ya hapo, una baraza lako la kudhibiti kodi chini ya Sura ya 296, na si hisani ya mtu. Nimemwona kwa macho yangu jirani wa mwanafunzi wangu ambaye mlango wa chumba chake uling'olewa pamoja na bawaba zake mchana, watoto wakiwa ndani, kwa sababu "muda wako umekwisha". Kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata stima, kufunga maji, kutia kufuli mpya juu ya kufuli ya mpangaji, hayo yote ni mazoea ya mji huu, na mazoea hayafanyi jambo kuwa halali. Katiba katika kifungu cha 31 inamhakikishia kila mtu kwamba nyumba yake haitapekuliwa wala mali yake kukamatwa ovyo, na kifungu cha 43 kinataja makazi ya kutosha kuwa haki. Mwenye nyumba ambaye mkataba umekwisha na mpangaji amekataa kutoka ana njia: aende mahakamani au barazani apate amri. Njia hiyo ni ya polepole na ina gharama, nami naelewa uchungu wa mzee aliyejenga vyumba sita kwa pensheni yake na sasa anazungushwa na mtu asiyelipa. Hata hivyo mlango haung'olewi.

Nirudi kwenye yangu, kwa maana haikuishia tarehe 1 Agosti. Kulikuwa na amana, ambayo kila mtu hapa anaiita dipoziti, ya Sh28,000. Watu wengi waliniambia niile, yaani nisilipe kodi ya Julai ili zile pesa ziwe ndiyo kodi. Sikufanya hivyo. Nilijua sababu ya ushauri huo, kwamba mwenye nyumba akishashika pesa zako hazirudishi kwa urahisi, lakini mpangaji anayeacha kulipa mwezi wa mwisho anakuwa mdaiwa, na mwenye deni la kodi anaweza kukamatiwa vitu kupitia dalali mwenye leseni chini ya sheria iliyopo. Sikutaka nihame nikiwa na doa hilo baada ya kusimama kwenye haki.

Wiki mbili baada ya kuhama nililetewa orodha: rangi ya nyumba nzima, kubadilisha vitasa viwili, kusugua sakafu, jumla Sh22,500. Nikafungua tena Sheria ya Ardhi, kifungu cha 66. Mpangaji anapaswa kurudisha nyumba katika hali ileile aliyoikuta, lakini halazimiki kurekebisha uchakavu wa kawaida unaotokana na matumizi, wala uharibifu wa mafuriko, radi na ajali asizozisababisha yeye. Ukuta unaofifia kwa miaka miwili na nusu ya kuishi watu ni uchakavu wa kawaida. Kitasa kimoja mwanangu alikivunja kwa mpira, na hicho nilikubali kulipa. Mkataba wangu haukuwa na sharti la kupaka rangi wakati wa kuondoka; mikataba mingi ya Nairobi inalo, na wakati mwingine hutaja hata idadi ya mikono ya rangi, kwa hiyo usichukue mfano wangu bila kwanza kusoma wako.

Udhaifu wangu ulikuwa kwamba sikuwa na picha hata moja ya nyumba ile siku nilipoingia. Nilikuwa na picha za mwanangu akicheza sebuleni wiki ya kwanza, na nyuma yake ukutani unaonekana ufa na doa la maji. Nilizituma. Nilimweleza pia, bila vitisho, kwamba Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi Sh1,000,000, kwamba inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na kwamba mtu anaweza kufika mbele yake bila wakili. Nilirudishiwa Sh26,500. Hatukufika mahakamani, na mama mwenye nyumba bado hunisalimu tukikutana sokoni.

Kuna jambo moja dogo ambalo lingeweza kunigharimu sana na sikulijua. Mkataba wangu haukuwa umepigwa muhuri wa ushuru wa stempu. Kwa mkataba usiozidi miaka mitatu ushuru huo ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ambayo kwangu ingekuwa Sh3,360, na hati isiyolipiwa ushuru huo mahakama haipaswi kuipokea kuwa ushahidi katika kesi ya madai. Inaweza kulipiwa baadaye kwa faini, lakini hiyo ni pesa ya kutafutwa wakati ambao mtu tayari hana pesa. Ongeza gharama hiyo kwenye hesabu zako za kuhamia, pamoja na za pikapu na za wabebaji.

Nyumba ninayoishi sasa iko Donholm. Nilipoletewa mkataba wake, wa mwaka mmoja, nilimwomba mwenye nyumba, mzee mstaafu wa reli, tuongeze sentensi mbili kwa kalamu. Kwa kuwa sheria hainipi muda wa kutosha, niliona niuombe kwa mwenye kuutoa. Ya kwanza inasema kwamba miezi miwili kabla ya mkataba kwisha kila mmoja wetu atamwandikia mwenzake kama anataka kuendelea au la. Ya pili inasema kwamba nikibaki bila mkataba mpya, notisi kati yetu itakuwa ya miezi miwili badala ya mmoja. Mzee alizisoma polepole, akavua miwani, akaniuliza kama nimewahi kufukuzwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema kwamba basi na yeye anataka sentensi zilezile zimlinde, asije akaamka asubuhi akute nimehama usiku, nami nikasema hiyo ni haki yake. Tulitia sahihi pembeni mwa kila sentensi, mbele ya mkewe aliyekuwa akimenya viazi, na nakala yangu ikapigwa muhuri wiki hiyohiyo.